Utani wa Mume na Mke

Mwezi uliopita alifika kwetu Igalula mwalimu mmoja kijana, mwenye ndoa ya miezi 8, akalala nyumbani mwetu siku mbili akingoja gari moshi. Asubuhi ya kwanza, tulipokuwa tukinywa uji, mke wangu alimwuliza kama alilala vema. Kijana akajibu kwa adabu kwamba alilala vema sana. Mke wangu akasema, "Umebahatika, mwanangu. Mimi sikulala, maana gari la kwenda Kigoma limepita chumbani mwetu mara nne, wala halikusimama stesheni hata mara moja." Nami nikasema, "Na abiria aliyelipanda bila tiketi kwa miaka 23, je, anastahili kulalamika?" Tukacheka, tukaendelea na uji wetu.

Kijana hakucheka. Alitazama bakuli lake kana kwamba amesikia matusi. Jioni, tulipokuwa peke yetu barazani, aliniuliza kwa sauti ya chini kama mke aliyefunga ndoa kanisani ana ruhusa ya kumcheka mumewe mbele ya mgeni, tena mume aliye mwalimu wa dini. Akaniambia kwamba nyumbani kwake yeye na mkewe husemezana kwa heshima tu, wala hapajatokea mzaha tangu siku ya arusi. Aliyasema hayo kama mtu atajaye sifa zake. Nikamwuliza, "Na mkeo hucheka akiwa pamoja na nani?" Akafikiri kidogo, akajibu, "Hucheka kisimani, na wanawake wenzake."

Sikumjibu mengi jioni ile, maana alikuwa amechoka kwa safari. Lakini najua si yeye peke yake aulizaye swali hili. Wako vijana wengi, hasa walimu, wadhanio kwamba nyumba ya Kikristo ni kama darasa wakati wa mtihani. Basi leo nataka kulijibu kwa kirefu, na wengine wasikie.

Mzaha si mgeni katika nchi hii. Wazee wetu waliupa sheria, wakauita utani. Tena waliupa sheria kwa sababu walijua kwamba ni kitu chenye makali. Sheria yenyewe ina pande mbili, nasi siku hizi twaukumbuka upande mmoja tu. Upande wa kwanza wajulikana na kila mtu: mtani wako aweza kukucheka, kukunyang'anya kofia, kukuita mtumwa wake mbele ya watu, wala huna ruhusa ya kukasirika. Upande wa pili ni huu: mtani huyo huyo ndiye akupaye chakula ukifika kwake na njaa, naye ndiye ashikaye jembe kulichimba kaburi lako na kuingia ndani kukupokea. Asiyetaka kuchimba kaburi hana haki ya kunyang'anya kofia.

Wanyamwezi waliyapata mengi ya mambo haya njiani. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hata kufika Unyanyembe, na kutoka hapa ikaendelea mpaka Ujiji. Mpagazi alijitwika mzigo wa frasila mbili hivi, yaani ratili 70, akaenda kwa miguu zaidi ya kilometa 800 mpaka pwani, kisha akarudi. Alipita katika nchi za watu wasiomjua, ambako palitakiwa hongo kabla ya kupita, na penye kiu hata maji yalikuwa na bei. Makabila mengi husimulia kwamba utani wao ulianza baada ya vita: walipigana, wakachoka, wakapatana, na badala ya mikuki wakarushiana maneno. Wanyamwezi na Wazaramo nao ni watani, na hata leo wakikutana mjini Dar es Salaam hawapitani kimya. Mwaka 1944 Bwana R. E. Moreau, Mwingereza aliyekuwa akichungua habari za ndege huko Amani, Usambara, aliandika juu ya utani wa makabila ya Tanganyika katika jarida liitwalo Africa. Mimi hufurahi nikikumbuka kwamba aliyeandika habari hizo ni mtu wa ndege. Azoeaye kusikiliza ndege hudumu kimya hata asikie.

Wasomaji wengine watasema, "Hayo ni mambo ya wapagazi, nyumbani yanatuhusu nini?" Yanatuhusu, kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa njiani pamoja na wapagazi. Bwana Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 juu ya wapagazi, ameonyesha kwamba wanawake wa Kinyamwezi walisafiri na waume zao katika misafara. Mume alichukua mzigo wa tajiri. Mke alichukua vyungu, vibuyu, chakula, na pengine mtoto mgongoni. Jua lilipotua walipika. Asubuhi waliondoka. Fikirini ndoa ya namna hiyo, ndugu zangu: kila siku jiko jipya, kuni mpya, mafiga matatu ya kutafutwa gizani, miguu imevimba, na mume yule yule. Sidhani kwamba watu wale walivumiliana miezi kwa miezi kwa heshima peke yake.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na mizigo ile ikatuka vichwani. Igalula yetu ikawa stesheni. Lakini mafiga hayakupanda garini. Yako pale pale jikoni, na mume yule yule amekaa mbele yake akingoja ugali.

Sasa sikilizeni jambo moja la ajabu. Katika jamaa zetu, utani umegawanywa kwa uangalifu. Mjukuu ni mtani wa babu na bibi yake. Ndiyo maana mtoto asiyejua kufunga vifungo vya shati humwita bibi yake "mke wangu", na kumwambia babu aondoke kitini, naye babu hujibu kwamba atamshitaki kwa kumnyang'anya mke. Mashemeji hutaniana; binamu hutaniana. Mkwe hataniwi kamwe: mbele ya mama mkwe hata kikohozi hukizuia. Lakini mume na mke hawakuwekwa upande wowote. Hakuna aliyewaambia siku ya arusi kwamba ninyi ni watani, wala hakuna aliyewakataza. Wameachiwa wajitafutie wenyewe, na katika nyumba nyingine kazi hiyo huchukua miaka 10 au zaidi.

Na wale wadhanio kwamba ndoa takatifu haina kicheko, wakisome tena Kitabu cha Mwanzo. Ibrahimu alicheka aliposikia kwamba atapata mtoto katika uzee wake. Sara naye alicheka mlangoni pa hema, kisha akakana, kama wanawake na wanaume wote wakanavyo wakifumaniwa wakicheka. Mtoto alipozaliwa akaitwa Isaka, na jina hilo kwa Kiebrania latokana na kucheka. Isaka huyo alipokuwa mtu mzima, akikaa Gerari, aliogopa kuuawa kwa ajili ya uzuri wa mkewe, akawaambia watu kwamba Rebeka ni dada yake. Watu wakasadiki siku nyingi. Ndipo siku moja, katika sura ya 26, mfalme Abimeleki alipochungulia dirishani akawaona wakicheza pamoja. Na neno la Kiebrania lililotumika hapo ni la shina moja na jina lake Isaka. Mfalme akajua papo hapo kwamba hawa ni mume na mke. Hakuhitaji cheti. Mimi nimefundisha sura hiyo mara nyingi, na kila mara najiuliza mfalme angeona nini kama angechungulia dirisha la nyumba zetu.

Kazi ya mzaha nyumbani si kuchekesha tu. Mara nyingi ni shauri, au hata lawama, iliyopewa njia ya kupita bila kuvunja mlango. Nalijua paa moja la mwalimu mwenzangu lililokuwa likivuja tangu masika yaliyotangulia. Mkewe alikwisha sema mara tatu, naye alikwisha jibu mara tatu kwamba atalitazama. Mvua ya mara ya nne mke hakusema neno. Alitega sufuria chini ya tundu, akawaita watoto, akawaambia kwa sauti ya adabu sana, "Msiyamwage maji haya. Ni kisima alichotuchimbia baba yenu." Watoto wakaja mmoja mmoja na vikombe vyao, wakachota, wakamshukuru baba. Asubuhi mwalimu alionekana juu ya paa kabla ya kengele ya kanisa. Kama mke angelimpigia kelele, nadhani sufuria ingalikuwa pale hata leo.

Mke wangu mimi ana dalili yake. Aniitapo "Baba", hali ya hewa ni njema. Aniitapo "Mwalimu", najua kuna neno linakuja nyuma ya jina, nami hukaa vema kitini kulipokea.

Basi nimesifu, na sasa imenipasa kusema habari nyingine, nayo haichekeshi. Katika kijiji kimoja si mbali na hapa waliishi mume na mke waliokuwa na ndoa ya miaka 11, nao hawakujaliwa mtoto. Mume alikuwa mtu wa maneno. Watu walimpenda barazani. Siku moja walifika wageni kwa arusi ya jirani, na mazungumzo yakafika katika mahari na ng'ombe. Mume, akitaka kuwachekesha wageni, akasema, "Ng'ombe niliowatoa mimi wamekwisha zaa mara nne kule kwa wakwe. Huyu niliyeletewa bado anafikiri." Wageni wengine wakacheka. Mke alikuwa akipita na maji ya kunawa. Akawanawisha wote, mmoja baada ya mmoja, na mumewe akamnawisha wa mwisho, akampa kitambaa. Kulipopambazuka hakuwako. Alikwenda kwa miguu mpaka kwa wazazi wake.

Baada ya juma mbili mume akaenda kumfuata, pamoja na wazee wawili. Akajitetea kwamba ulikuwa utani tu. Baba mkwe ni mzee asiyesoma, lakini aliuliza swali ambalo nimelichukua na kulitia katika mafundisho ya ndoa. Alisema, "Mwaka jana binti yangu aliumwa homa miezi miwili. Ni nani aliyechota maji?" Mume akanyamaza, maana maji yalichotwa na mtoto wa jirani. Mzee akasema, "Mtani hunicheka, naye hunizika. Wewe umechukua kicheko, na jembe umemwachia nani?"

Mke alirudi baada ya mavuno. Mume amemwomba radhi mbele ya wazee, tena nasikia siku hizi huchota maji mwenyewe, ijapokuwa vijana humtazama. Lakini amekuwa mtu wa kimya. Hasemi mzaha tena, wala nyumbani wala barazani, kwa kuogopa. Mkewe alimwambia mke wangu maneno haya, nami nayaandika kwa ruhusa yake: "Natamani angetania tena. Aseme juu ya ugali wangu, juu ya miguu yangu, juu ya kaka zangu wote. Asiseme lile moja tu." Sijui kama mume amekwisha ambiwa. Kama husoma karatasi hii, basi sasa ameambiwa.

Kwa hiyo nikimjibu yule kijana juu ya mipaka, sina orodha ya kumpa. Kila nyumba ina lile moja lake. Kwa mmoja ni utasa, kwa mwingine ni mtoto aliyekufa, kwa mwingine ni umaskini wa nyumba aliyotoka, na wakati mwingine ni jambo dogo ambalo mtu wa nje angelicheka: jino lililovunjika, au darasa alilolirudia. Mume na mke hupajua mahali hapo kama mtu ajuavyo ngazi mbovu katika nyumba yake. Hupita gizani asiikanyage. Na mbele ya mgeni mwendo huwa wa polepole zaidi, kwa kuwa mgeni hapajui, naye hucheka mahali pasipofaa. Wala usimtanie mtu mwenye njaa. Hilo nalisema bila maelezo. Aliyekwisha jaribu anajua.

Sasa niwasimulie juu ya wazee wawili wa hapa kwetu, ambao kwao nimejifunza kuliko katika vitabu. Walikaa katika ndoa zaidi ya miaka 50. Mzee alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magome ilitundikwa mbali katika miyombo, naye aliporudi alinuka moshi siku tatu. Kila jioni, tangu nilipowajua, mambo yalikuwa yale yale. Mkewe aliandaa ugali wa mtama na nsansa, au uyoga wakati wa masika. Mzee alichukua tonge la kwanza, akatafuna, akatazama juu, akasema, "Je, chumvi imekwisha nchini?" Naye bibi akajibu bila kugeuza kichwa, "Chumvi iko dukani, na miguu unayo." Kisha wakala mpaka sahani ikawa nyeupe. Siku za misafara chumvi ya Uvinza ilipita huku vichwani mwa watu, nayo ilikuwa mali. Labda maneno yale waliyarithi, labda waliyatunga wenyewe. Nilipokuwa mgeni Igalula nilidhani kwamba wanagombana, nikataka kwenda kuwasuluhisha. Mke wangu akanishika mkono.

Miaka yake ya mwisho bibi alipatwa na mtoto wa jicho, akawa haoni moto. Basi mzee akashika mwiko. Mwanamume wa miaka zaidi ya 70, mrina asali, aliyeheshimiwa na wote, akachuja unga na kusonga ugali mbele ya wapita njia. Vijana walisema mengi. Jioni moja niliwapitia, nikamkuta bibi amepewa tonge la kwanza mkononi. Akatafuna, akainua uso wake usioona, akasema, "Je, chumvi imekwisha nchini?" Na mzee, huku akipuliza moto, akajibu, "Chumvi iko dukani, na miguu unayo." Nikaenda zangu bila kubisha hodi.

Mzee alifariki mwaka juzi, wakati wa kiangazi. Tulimzika kwa sala za Kanisa. Watani walikuwako, nao walichimba kaburi. Wako walimu wakatazao utani misibani, wakisema kwamba ni mambo ya kale yasiyofaa. Mimi sikukataza, maana wale waliokuwa wakicheka walikuwa na udongo mpaka magotini, na baadhi ya waliokuwa wakinung'unika hawakuwa hata na vumbi.

Mjane hakulia. Alikaa mkekani siku ya kwanza, na ya pili, hali wala hasemi, na binti zake wakaanza kuogopa. Siku ya tatu jioni watu walikuwa wameandaliwa chakula uani. Ndipo mjukuu wake mmoja, kijana wa kama miaka 17, yule ambaye tangu utoto humwita "mke wangu", alipotoka chumbani amevaa koti la babu yake na kofia yake, akiburuta mguu wa kushoto kama mzee alivyouburuta. Koti lilikuwa bado likinuka moshi wa nyuki. Akaketi kando ya mkeka, akamega tonge, akatafuna, akatazama juu. Akasema kwa sauti ile ile, "Je, chumvi imekwisha nchini?"

Uani palinyamaza. Binti mmoja akainuka kumkemea. Lakini bibi alikwisha geuza kichwa upande wa sauti, akasema, "Chumvi iko dukani, na miguu unayo." Kisha akacheka, akacheka mpaka mabega yakatikisika, na katikati ya kicheko machozi yakaja, akalia sana, na binti zake wakamshika. Alipokwisha kulia akaomba maji, na baada ya maji akala matonge matatu.

Mjukuu akavua koti, akalikunja, akaliweka magotini pa bibi yake. Wazee wakamlipa utani wake, kuku mmoja na bakuli la karanga, naye akalalamika kwamba kuku ni mdogo.